Risasi Zilizovaa Sketi

Watu wa Mchinga waliziita sketi. Mwenye kuziuza alitaka tuziite jigi, kama zilivyoandikwa kwenye pakiti, lakini hakuna aliyemsikiliza. Kitu chenyewe kilikuwa chambo cha bandia cha kuvulia, kipande cha madini ya risasi kilichopakwa rangi, kina macho mawili ya kuchora na ndoana moja nene iliyotazama juu badala ya chini, na kiunoni kimefungwa nyuzi nyingi za mpira. Ukikining'iniza kwenye uzi na kukizungusha, mipira ile inafunguka kama sketi ya mwanamke anayecheza. Wanaume wazima walikaa ufukweni wanazungusha risasi na kucheka. Na mimi nilikuwepo, nilicheka, ila kicheko changu kilikuwa cha kudharau.

Nataka kulieleza jambo hili kwa haki, na sina hakika kama nitaweza. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Kila nikisoma nilichoandika naona mmoja nimempendelea na mwingine nimemwonea, nafuta, naanza tena. Dharau ninayo mpaka leo. Lakini hata dharau inatakiwa iwe na kipimo chake.

Kwanza ijulikane tulikuwa tumetoka wapi. Miaka ya dhiki, kabla wafanyabiashara hawajaruhusiwa kuleta vitu vya nje, mshipi tulikuwa tunauchambua kwenye tairi bovu la lori, na ndoana tulizikunja kwa spoki za baiskeli. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kujuana. Halafu biashara ikafunguliwa, na vitu vikaja kana kwamba vilikuwa vimesimama nyuma ya mlango vinasubiri kuitwa. Mashati ya mitumba, redio, kandambili, saa zinazopiga muziki, nailoni ya kuvulia ya kila unene. Nailoni niliishukuru. Ndoana za dukani niliziheshimu, maana spoki ikikunjuka na samaki anaondoka. Kwa hiyo sikuwa mtu wa kukataa kila kipya. Ugomvi wangu ulikuwa na sketi.

Aliyezileta alikuwa mtani wangu, Mmakonde wa kule juu Newala, aliyeteremka pwani na marobota ya mitumba akafungua kibanda pale zinaposimama gari za Lindi. Baharini hakuwahi kulowesha hata goti. Kwa sisi, mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu na wewe umcheke, na kwenye msiba au uzazi anaingia nyumbani kwako bila hodi, anasema analotaka na kudai analotaka, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Kwa hiyo ninapomsema vibaya hapa, ajue na yeye alinisema, tena zaidi.

"Nyie watu wa pwani," alikuwa anatangaza, amezitundika sketi zake kwenye kamba pamoja na soksi, "mnavua kama babu zenu waliokufa na njaa! Njooni muone vitu vya kisasa."

"Babu zetu walikufa wameshiba," nilimjibu. "Wenu ndio walikuwa wanasubiri samaki apande mlima."

"Apande kwa nini, na hapa nimemletea nguo?"

Watu wakacheka, na wakanunua. Hilo ndilo lililoniudhi. Walinunua kwa rangi. Mpenzi wa timu nyekundu alichukua nyekundu, wa timu ya kijani akatafuta ya kijani, na mmoja alichagua ya dhahabu kwa sababu ilifanana na jino la mjomba wake. Muuzaji naye alikuwa na kanuni alizozitunga pale pale: asubuhi bluu, mchana njano, jua likielekea kuzama nyekundu.

"Nani kakufundisha?" nilimuuliza.

"Pakiti."

"Pakiti ni ya Kiingereza, mtani. Kiingereza unakijua?"

"Picha naijua."

Kwenye picha kulikuwa na samaki wa rangi ya majani, mdomo mkubwa umeachama, anaruka juu ya maji, na nyuma yake matete. Tulibishana siku nzima. Kwa mdomo ule wengi walisema ni chewa. Mimi nikasema chewa gani anaruka? Chewa ni samaki wa shimoni. Anakaa kwenye mlango wa mwamba, anameza anachokitaka, anarudi ndani. Hana habari na jua wala matete. Miaka mingi baadaye, mtu aliyefanya kazi melini aliniambia yule ni samaki wa maziwa ya maji baridi huko kwao, wanamvua kwa mchezo, wanampima, wanampiga picha, halafu wanamwachia aende zake. Sitasema kitu, kila watu na starehe zao.

Palizuka hata suala la dini. Mzee mmoja alisema kumdanganya samaki kwa sanamu ya risasi si halali, na ikabidi aulizwe mwalimu wa madrasa. Mwalimu akauliza, "Na ndoana uliyoivika pweza, samaki huwa unamwambia ukweli wake?" Mambo yakaishia hapo. Nakiri jibu lilikuwa zuri, ingawa nilitamani liwe lingine.

Baharini sketi zilishindwa, na nilifurahi. Tena zilishindwa kwa namna ya kwetu kabisa. Mbele ya ile ndoana kulikuwa na nywele ngumu zilizosimama kama brashi ya viatu. Karibu kila mtu alizikata kwa wembe, akidhani ni za kuzuia ndoana isitoboe pakiti safarini. Kumbe ndizo zilizokuwa zinaikinga isikamate majani na mawe. Wakazikata, wakazishusha kwenye matumbawe, matumbawe yakazila. Walionunua ndogo, kwa kuwa ndogo zilikuwa nzuri zaidi, mkondo uliwachukulia mshipi ukaelea pembeni, hawakufika chini kabisa. Na wale ambao zao zilifika chini salama walifanya kile tunachofanya sote tangu utotoni. Walitulia.

Hapa nieleze, kwa sababu ndipo penyewe. Kwetu mvuvi wa mshipi anapimwa kwa utulivu. Unashusha risasi mpaka iguse, unainua kidogo, unalaza uzi kwenye kidole cha shahada, na hapo hutikisiki tena. Mtu anayechezesha mshipi anaambiwa hana adabu, anafukuzia wenzake samaki. Nimeona mtu akitemwa kwenye chombo kwa sababu mguu wake haukukaa. Basi wenye sketi walizishusha na kutulia nazo, risasi iliyopakwa rangi imelala juu ya jiwe, haina harufu, haina damu, haiendi popote. Samaki gani atakula kitu hicho? Walirudi mikono mitupu, wakazitundika sketi kwenye milango ya nyumba kama mapambo. Nilipita kila mlango nikiangalia. Labda nilipita zaidi ya ilivyohitajika.

Kisha mke wangu akajifungua.

Mtoto wa kike, mzima, na sauti ya kutosha nyumba mbili. Lakini maziwa hayakuja. Siku ya kwanza wakasema bado, siku ya pili wakasema bado, baadaye hawakusema tena. Nesi wa zahanati alisema mama anywe maji mengi na aendelee kumweka mtoto titini bila kukata tamaa. Mama mkwe wangu alimsikiliza kwa heshima zote, akafanya hivyo, na juu yake akaongeza ya kwake. Uji wa pilipili manga. Supu ya kuku. Mtoto akawa analia mpaka sauti inakwaruza, halafu akawa halii sana, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Mke wangu alikuwa anatazama ukuta.

Mkwe alinisemesha akiwa nyuma ya pazia, maana sisi hatukai uso kwa uso na mama mkwe. "Baba," aliniambia, "nataka kichwa cha chewa. Mkubwa, mweusi, mwenye mafuta. Si changu, wala si tasi, samaki wadogo hao. Chewa."

"Nimesikia, mama."

Nilisikia, na nilijua haiwezekani. Mwezi ulikuwa nusu na maji yalikuwa mafu. Maji mafu hayatoki mbali, mwamba haukauki, na usipokauka wanawake hawawezi kuchokoa pweza. Bila pweza hatuna chambo cha chewa. Ngisi hawakuwepo, na dagaa walikuwa hawajaanza kuvuliwa kwa sababu ya mwanga wa mwezi. Nilizunguka kijiji kizima nikiuliza chambo. Nilituma salamu kwa dereva wa gari aniulizie chewa sokoni Lindi, akarudi na jibu kwamba hata huko meza ni tupu. Ningeweza kusubiri bamvua, yale maji makubwa, lirudi, lakini mtoto hakuwa na muda huo.

Nikaenda kwenye kibanda cha mtani. Niliupita mlango wake mara ya kwanza nikajifanya naenda kwingine.

"Shikamoo mkosoaji," alinisalimia yeye, mkubwa kwangu kwa umri, ili kunikejeli. "Leo umekuja kutukana au kununua?"

"Nataka kuziona zile takataka zako."

"Takataka zipo nyingi. Unataka takataka ya aina gani?"

Nilimwambia habari ya mtoto. Kwa haki yake niseme, aliacha mzaha papo hapo. Alimwaga boksi lote juu ya mkeka, akachuchumaa na mimi, na safari ile hakuniletea habari za bluu ya asubuhi.

Nilichagua kama mtu anayechagua mbegu. Nilizisukuma pembeni za dhahabu, nyekundu na zile za kumeremeta, kwa sababu sijawahi kukuta kitu cha kumeremeta tumboni mwa chewa. Nimewapasua wengi: utakuta kaa, utakuta pweza, utakuta samaki wadogo wa mawe. Nikatafuta rangi ya vitu hivyo. Chini kabisa ya boksi kulikuwa na mbili za kahawia iliyochanganyika na weusi, mbaya za sura, hakuna aliyewahi kuziulizia. Zilikuwa nzito kupita zote, na hilo nililitaka ili zishinde mkondo. Mipira yake ilikuwa mingi, na ilipolala kiganjani ilijikunja kama miguu ya pweza mdogo. Zile nywele ngumu nilizikagua, zilikuwa kamili. Sikuzikata.

"Hizi," nikasema.

"Siuzi," akasema mtani. "Mtu wa kunitukania bidhaa zangu kijiji kizima nimuuzie anizamishe? Nakuazima, na mimi naenda nazo."

"Baharini? Wewe?"

"Mtoto wa mtani amezaliwa. Nina haki yangu."

Tulitoka asubuhi na ngalawa ya kaka yangu, bahari shwari, na mtani amekaa katikati ameshika mbao za pande zote mbili. Hata ndani ya ghuba alikuwa ameshafumba macho. Tulipopita mwamba, mawimbi madogo tu, akaanza kumtaja Mama Maria.

"Mtajie na mtoto wangu," nikamwambia.

"Wako mtajie mwenyewe, mimi nina shughuli."

Nilitia nanga kwenye jiwe ninalolijua, pana mashimo yake. Nikampa mshipi mmoja, nikamfundisha kama ninavyofundisha mtu yeyote: shusha, gusa chini, inua kidogo, tulia. Mimi nikashusha wangu. Nikatulia. Nilitulia vizuri kuliko nilivyowahi kutulia maishani, kwa sababu nilikuwa nafikiria ile sauti iliyoanza kukwaruza. Hakuna kitu. Maji yalipita, jua likapanda, risasi yangu iko chini, haikuguswa hata na samaki kichaa.

Yeye hakutulia. Alikuwa ametapika, sasa anatetemeka mwili mzima, meno yanagonga, na mkono ulioshika mshipi unaruka ruka. Nilitaka kumkemea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Limekamata!" akapiga kelele. "Mtani, limenikamata!"

"Vuta!"

"Linanivuta mimi!"

Chewa akishika anageuza kichwa shimoni, akiingia akatanua mashavu humtoi mpaka uzi ukatike. Nilimrukia mtani, nikaushika mshipi mbele ya mikono yake, na tukavuta wote wawili kama watu wanaogombania shuka. Uzi ulinikata kidole. Ngalawa ilikalia ubavu, mtani akaangukia tanga, lakini mshipi hakuuachia, na hilo sitamnyima. Akatokea chewa mweusi, kichwa kama cha mbuzi, mdomo wazi, na pembeni mwa mdomo imekaa ile sketi mbaya ya kahawia.

Nilimgeukia mtani.

"Mkono wako ulikuwa unafanya nini?" nilimuuliza.

"Unauliza swali gani? Unatetemeka! Naogopa maji, huoni?"

Nikakaa nikaliangalia lile jambo. Kule chini sketi yake ilikuwa inaruka kwa woga wake, inainuka, inatua, mipira inafunguka na kufumba, kama mnyama mdogo anayehama jiwe. Yangu ilikuwa maiti. Niliushika mshipi wangu nikajaribu kutetemeka kwa makusudi. Naandika hili kwa aibu kidogo: nilijiona mjinga, mvuvi mtoto wa mvuvi, natikisa mkono kama mgonjwa wa homa, na nikaangalia kama kuna chombo karibu. Hakikuwepo. Baada ya kutikisa kidogo nilipata wa pili, mdogo, lakini chewa. Basi siwezi kusema zile sketi ni uongo. Nilichagua sawasawa nikavua vibaya, na yeye hakujua kuchagua wala kuvua, ila aliogopa inavyotakiwa. Kama kuna mwenye busara katika habari hii sijamwona bado.

Tulipotia nanga ufukweni mtani alishuka akiwa mtu mwingine. Miguu haijakauka, tayari anafundisha. "Mnatikisa hivi," anawaambia watu, mkono unaruka, "siri ni kifundo cha mkono. Nyie mlikuwa mnazilaza! Jigi hailazwi!" Watu waliokuwa wakicheka walikuwa wanaitikia kwa kichwa. Mmoja alikimbia nyumbani kuchomoa sketi yake mlangoni. Nilitaka kuwaambia siri yenyewe ni kutapika. Niliwaacha. Nilikuwa na haraka.

Nyumbani nilimkabidhi mkwe samaki kupitia dirishani. Nilisikia kisu kwenye magamba, halafu kisu kikasimama.

"Baba," alisema nyuma ya pazia, "huyu umemvua kwa nini? Chambo hakuna kijiji kizima."

Ningeweza kumwambia nimepata pweza kwa mtu. Hakuna ambaye angejua, na mtani alikuwa bado ufukweni anatamba. Lakini mwanamke yule alikuwa anampikia binti yake, na nililiona ni haki yake kujua anapika nini. "Kwa sketi, mama. Zile risasi za mtani."

Halafu akaanza, kwa adabu, lakini sauti imepanda. Samaki aliyeshika risasi akidhani chakula ni samaki mpumbavu, akasema, na kichwa chake ndicho kilichompumbaza. Sasa kichwa hicho hicho apewe mzazi, kiingie kwenye maziwa, mtoto akinyonya awe nani? Awe wa kudanganywa na kila mwenye kibanda? Alisema atamtoa huyu tule sisi wengine, na yeye atasubiri bamvua, apatikane chewa wa pweza, chewa mwenye akili zake.

Nilisimama pale dirishani. Sikuiamini ile habari. Wala sikuwa na uhakika wa kutosha kuikataa. Na hasira zangu zote juu ya vile vitu, ambazo nilizitembeza mlango kwa mlango, nilikuwa nazisikia sasa zinasemwa na mtu mwingine, juu ya sufuria la mtoto wangu, na zilisikika vibaya.

Ndipo mke wangu alipozungumza. Siku zile alikuwa hazungumzi.

"Mama," alisema, "nipe hiyo supu."

"Hujanielewa, mwanangu."

"Nimekuelewa. Akiwa mjinga nitamfundisha, nitakuwa na muda. Sasa hivi ana njaa. Weka sufuria motoni."

Nilisikia tu kisu kikianza tena, taratibu, halafu kuni zikivunjwa.

Alikunywa supu ile, bakuli kwa bakuli, mpaka jasho likamtoka. Alimweka mtoto titini kama nesi alivyosema, mtoto akalia, akaachia, akawekwa tena. Mimi nilikaa barazani nje ya dirisha. Mtani alikuja na kelele zake, kabla hajafika mlangoni nikamwinulia kidole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinyamaza bila kulipwa matusi. Tukakaa wawili. Jua lilikuwa limeshateremka nyuma ya minazi tulipousikia, ule mlio wa mtoto anayemeza, mzito, wenye pumzi katikati, unakatika na kuanza tena.

Sijui kama ni supu. Huenda ni yale maji ya nesi, huenda ni siku zake zilikuwa zimefika, na maziwa yangetoka hata kama chewa angebaki shimoni kwake. Mtani alisema ni jigi. Mkwe alisema, kutoka ndani, kwamba mtoto anavyonyonya bila kuuliza kitu anaonekana wazi amekuwa mpumbavu. Mke wangu akacheka, na mlio ule haukukatika.